Vikorokoro vya kukereza mbao: vipi vina maana na vipi vinakula hela tu

Mtu akiamua kuanza kukereza mbao kama hobi, yaani kuichonga mbao ikiwa inazunguka kwenye mashine, hesabu yote anaipigia mashine. Anadunduliza, mashine inafika, anaifunga mezani, anawasha, inazunguka vizuri tu, halafu ndo anagundua kumbe mashine ni kama nusu ya gharama, nusu iliyobaki ni vikorokoro ambavyo muuzaji hakuvitaja. Akiingia mtandaoni kuvitafuta anakutana na mamia, kila mtu anasifia cha kwake, vipimo vingine kwa inchi vingine kwa milimita, anaagiza kitu China au Uingereza, anakisubiri weee, kikifika hakiingii kwenye mashine yake.

Pwani yetu kukereza sio jambo geni, angalia miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Zanzibar, na hata leo ukipita Keko pale Dar unakuta mafundi wa fanicha na miguu ya meza iliyokerezwa. Ila fundi wa fanicha anatoa umbo lilelile kila siku, ana mashine kubwa na patasi chache alizozizoea. Wewe wa hobi, mwenye kamashine ka mezani kwenye kibaraza, Jumamosi unataka bakuli, Jumapili unataka kalamu, wiki ijayo unataka kinu kidogo cha pilipili manga, ndo maana vikorokoro vinakuhusu wewe kuliko vinavyomhusu yeye.

Mimi kipimo changu ni kimoja tu: hiki kitu kinaondoa kero gani? Kama hakuna kero unayoweza kuitaja kwa jina, acha hela ikae mfukoni. Na kero kubwa kuliko zote wala haipo kwenye mashine, ipo kwenye makali ya patasi.

Patasi ya seremala inakata kidogo kidogo, unagonga, unatoa, unagonga tena. Ya kukereza inakaa kwenye mbao mfululizo. Chukua bakuli la inchi 10 linalozunguka mara 800 kwa dakika, ukipiga hesabu ya mzingo utakuta ukingo wake unapitisha zaidi ya mita 600 za mbao mbele ya makali kila dakika. Sasa hapo ndo utaelewa kwanini bobari, ile patasi ya kukereza yenye mfereji, linakuwa butu katikati ya kazi moja, tena ukikutana na mvule ndo balaa kabisa, maana mvule unaweza kuwa na vijiwe vya kalsiamu kaboneti ndani yake, kwa nje huvioni ila makali yanavikuta. Bobari butu halikati, linachuna, nyuzi za mbao zinang'oka, unaongeza nguvu, linanasa, moyo unaruka. Halafu mtu analaumu mbao, analaumu mashine, anaanza kutafuta mashine kubwa zaidi!

Kwa hiyo kikorokoro cha kwanza ni grainda na kishikizo cha kunolea. Grainda nyingi za madukani kwetu, kwa umeme wa 50 Hz, zinazunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Zipo za taratibu, karibu 1,425, hizo ndo tamu kwa kazi hii kwa sababu haziongezi joto na hazili chuma haraka kabla mkono haujatulia. Ya haraka nayo inafaa ukiwa mwepesi wa mkono, usiitupe kama unayo tayari. Kilicho muhimu zaidi ni jiwe lenyewe, lile la kijivu linalokuja na grainda ni la kazi za jumla, tafuta jeupe la aluminiamu oksaidi, linamomonyoka kidogo kidogo na kufungua chembe mpya kali badala ya kujisiliba na kuunguza chuma. Na kichongeo chenye ncha ya almasi cha kulisawazisha jiwe ni kitu kidogo tu ila usikikose.

Kishikizo ndo kinachobadilisha maisha. Bobari la bakuli lina mabawa mawili na ncha iliyopinda, kulinoa kwa mkono mtupu na kupata umbo lilelile kila mara ni ufundi wa miaka. Kishikizo, kama kile cha Wolverine cha kampuni ya Oneway ya Canada ambacho wengi wamekiiga, kinakupa vitu vitatu vya kupanga: bobari limechomoza kiasi gani kwenye kishikizo, mguu wa kishikizo umekaa pembe gani, na kikombe cha chini kipo umbali gani kutoka kwenye jiwe. Ukivirudia hivyo vitatu bila kubadilisha, unapata makali yaleyale, kila siku, hata kama jana ulilala saa nane usiku. Wala huhitaji kununua vipimo vya kuvipangia, chukua kipande cha mbao, kikate kizuizi chenye kina cha milimita 50 au chochote ulichokizoea, kipigilie ukutani karibu na grainda, basi. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kuwasha, paka makapeni kwenye makali, zungusha jiwe kwa mkono, uone wino umekwaruzwa wapi.

Kuna watu watakwambia ununue magurudumu ya CBN. Ni ya chuma yaliyopakwa chembe za boroni naitraidi, kitu cha maabara ambacho kwa ugumu kinaifuata almasi. Raha yake ni kwamba kipenyo hakipungui, kwa hiyo mipangilio ya kishikizo haiyumbi, na hakuna jiwe la kupasuka. Ubaya wake bei, halafu ni ya kunolea HSS tu, kile chuma kigumu cha patasi nyingi za kisasa, ukinolea chuma laini gurudumu linajaa chembe za chuma na kuziba. Mimi naona ni kitu cha mwaka wa pili, sio cha mwezi wa kwanza. Na hapohapo kwenye HSS, ile tabia ya kuchovya patasi kwenye maji ikipata moto iache, HSS inavumilia joto la nyuzi mia kadhaa bila kupoteza ugumu, ikigeuka bluu kidogo haijafa, ila ukiipoza ghafla inaweza kupata nyufa ndogo kwenye makali. Kuchovya kulikuwa kwa patasi za zamani za chuma cha kaboni.

Vipi kuhusu patasi za kabaidi zenye kipande cha kubadilisha, ambazo hazinolewi? Kwa kalamu na vitu vidogo ni nzuri sana, mtu anaanza siku hiyohiyo na anapata kitu cha kuonyesha. Lakini nyingi zinakwangua, hazikati kama bobari, kwa hiyo kwenye mbao laini kama mwembe mbichi zinang'oa nyuzi na unalipia baadaye kwenye msasa. Na kile kipande kikiisha unarudi kuagiza.

Haya, kero ya pili ni kushika kipande. Hapa ndo fundo lenyewe, watu wanapotea sana, tulifungue polepole.

Mashine yako ina sehemu mbili ambazo vitu vinafungwa. Upande wa kichwa, ule unaozungushwa na mota, kuna shafti yenye uzi kwa nje na tundu lililochongoka kwa ndani. Upande wa mkia kuna tundu lililochongoka tu. Lile tundu linaitwa Morse, limetokana na Mmarekani Stephen Morse wa karne ya 19, na uchongokaji wake ndo unaofanya kitu kijibane chenyewe bila skrubu. Kwenye mashine za hobi utakutana na namba mbili, MT1 na MT2. Pima mdomo wa tundu kwa venia, kile kipimo cha mataya cha kupimia kipenyo: ukipata kama milimita 12 ni MT1, ukipata karibu 17.8 ni MT2. Basi, kila kitu cha kuchomeka tundu hilo unanunua cha namba hiyo, hakuna ujanja mwingine.

Uzi wa nje ndo wenye fujo. Mashine ndogo nyingi zenye asili ya soko la Marekani zina inchi 1 kwa nyuzi 8 kila inchi. Za Ulaya nyingi, hasa za saizi ya kati, ni M33 kwa 3.5, yaani kipenyo milimita 33 na hatua, kutoka kilele kimoja cha uzi hadi kingine, milimita 3.5. Kubwa za Marekani zinafika inchi moja na robo kwa 8, na ndogo za zamani za Uingereza utakutana na robo tatu ya inchi kwa 16. Sasa Mchina anatengeneza zote, na mashine mbili zinazofanana rangi mpaka stika zinaweza kuwa na nyuzi tofauti. Usiamini tangazo, pima yako. Kipenyo kwa venia, halafu weka rula juu ya uzi uhesabu vilele ndani ya inchi moja. Chaki, yaani kile kishikio chenye mataya kinachofungwa kwenye uzi huo ili kibane kipande, nyingi nzuri, mfano Nova za New Zealand, zinauzwa mwili peke yake halafu unanunua kiungio cha uzi wako, hii ina faida kwamba ukibadilisha mashine kesho unabadilisha kiungio tu.

Na ndio, chaki ya mataya manne inayojibana katikati yenyewe ndo kikorokoro cha pili cha kununua. Inaweza kufika nusu ya bei ya mashine ndogo, inauma, lakini bila hiyo kila bakuli ni kufunga sahani ya chuma kwa skrubu, kutoboa kitako, na kubuni namna ya kuficha matundu. Ila chaki ina sheria zake ambazo hazisemwi dukani. Ulimi unaouchonga chini ya bakuli ili mataya yaushike usiguse kabisa sakafu ya chaki, kinachotakiwa kukaa ni bega la mbao juu ya midomo ya mataya, hapo ndo uimara unapotoka. Ulimi uwe umechongwa kwa mteremko ule wa mataya. Na mataya yanashika vizuri zaidi yakiwa yamefunguka kidogo tu, pale yanapokaribia kuwa duara kamili, yakifunguka sana yanagusa kwa kona nane na kuacha alama mbaya. Ukiyajua haya, mataya yale ya kwanza ya milimita 50 yanatosha muda mrefu na hutavutika na yale masanduku ya mataya seti sita.

Upande wa mkia, ile senta (ncha inayoshikilia mwisho wa kipande) inayokuja na mashine mara nyingi beringi zake zinapiga kelele mapema. Senta nzuri ya kuzunguka yenye ncha za kubadilisha sio ghali na utaihisi siku hiyohiyo, mtetemo unapungua, makelele yanapungua. Kwa wanaokereza vitu virefu kama mipini, kuna senta ya kichwani inaitwa Steb, ya Robert Sorby wa Sheffield, ina ncha ya springi katikati na meno madogo kuizunguka. Patasi ikinasa, mbao inasimama na meno yanateleza, badala ya mbao kurushwa. Kwa anayejifunza hii ni zawadi.

Sasa niseme kuhusu kitu ambacho wenzetu wa nje wanakitaja kwa kupita tu, ila kwetu kinatakiwa kiwe juu kabisa: swichi isiyojiwasha umeme ukirudi. Unajua ilivyo. Umeme umekatika, umeacha mashine na kipande chake, umeingia ndani kunywa chai, mtoto kaja kuchezea maranda, umeme unarudi. Swichi ya kawaida iliyobaki kwenye WASHA inaamsha mashine yenyewe. Kuna swichi yenye koili ya sumaku ndani, umeme ukikata koili inaachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Mashine nyingine zinakuja nayo, nyingi za bei rahisi hazina. Fundi umeme anaifunga ndani ya saa moja, chagua yenye uwezo unaolingana na mota na yenye kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia, halafu ifunge mahali unapoifikia bila kupita mbele ya kipande kinachozunguka. Watu wengine wanaitafutia boksi lenye sumaku nyuma ili waihamishe popote kwenye mwili wa mashine, hiyo ni raha nyingine.

Ngao ya uso nayo sio ya kuchagua kutaka au kutotaka. Bakuli la inchi 12 kwa mizunguko 1,000 ukingo wake unaenda kama kilomita 57 kwa saa, hiyo ni bodaboda inayokimbia barabara ya mjini, sasa fikiria kipande cha robo kilo kimeachia kwa kasi hiyo sentimita arobaini kutoka kwenye paji lako. Miwani inalinda macho tu. Nunua ngao ya polikaboneti iliyoandikwa Z87+ au EN166 yenye herufi B, ndo alama za kuhimili kishindo, zile za plastiki laini zinazouzwa kwa ajili ya kufyekea majani zisikudanganye. Kuhusu kasi, kanuni wanayofundishana wakerezaji ni kwamba kipenyo kwa inchi ukizidisha kwa mizunguko kwa dakika upate kati ya 6,000 na 9,000, kwa hiyo bakuli la inchi 10 ni 600 hadi 900. Kipande kikiwa hakijawa duara anza chini ya hapo. Na kanzu, kanga, bangili, glavu, vyote vibaki sebuleni.

Vumbi halina haraka ndo maana linadharauliwa. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa za pua. Na kwetu tuna mbao zenye hasira zaidi, mvule na mpingo vumbi lake linajulikana kuleta muwasho wa ngozi na matatizo ya kifua kwa baadhi ya watu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kwa vumbi laini la msasa, vaa N95 au FFP2 angalau, FFP3 ukiipata. Kofia zile zenye feni na betri zinazokupulizia hewa safi ndani ya ngao ni nzuri mno, ni ghali mno vilevile, kama una ndevu ndo suluhisho lako maana barakoa haibani kwenye ndevu. Mwenye kibaraza wazi na feni ya kawaida inayosukuma hewa mbali na uso kashapunguza sehemu kubwa ya tatizo bure, hapa joto letu linatupendelea.

Tukija kwenye msasa, hakuna anayeupenda, na hapa pia kuna kitu kidogo chenye raha kubwa: kidude cha sponji cha inchi 2 kinachochomekwa kwenye drili, kinashika msasa wa duara kwa ile nata ya kubandua na kubandika. Bakuli linazunguka polepole, drili inazunguka, alama za duara zinapotea kwa sababu mikwaruzo haifuati mstari mmoja. Anza na namba 120 kama ulikata vizuri, 80 kama hukukata vizuri, panda 180, 240, 320, usiruke. Kasi iwe ndogo, joto la msasa linapasua mbao. Msasa wa kitambaa una maisha marefu kuliko wa karatasi, ila usiuzungushe kwenye kidole hata siku moja. Vilevile unapopaka nta ya nyuki au shelaki kipande kikiwa kinazunguka, tumia tishu za jikoni, sio kitambaa, tishu ikinaswa inachanika, kitambaa kinaenda na kidole.

Taa. Taa ya LED yenye shingo ndefu na kitako cha sumaku, ilete chini pembeni, mwanga ulale juu ya mbao. Mwanga wa juu kwa juu unaficha kila kitu, ule wa pembeni unakuonyesha nyuzi zilizong'oka kabla hujapaka mafuta, maana ukishapaka ndo zinajitokeza zote kwa pamoja na hasira zako. Chini ya miguu tandika mpira mnene, hata ule wa kwenye gari la mizigo, mgongo utakushukuru. Na shafti iwe usawa wa kiwiko chako, hiyo haigharimu kitu zaidi ya matofali au jukwaa la mbao la kusimamia.

Kumalizia kitako cha bakuli kuna mataya makubwa ya gorofa yenye vigingi vya mpira, yanashika bakuli kwa ukingo ili ukwangue ule ulimi. Ni mazuri ila sio lazima, kipande cha plaiwudi kilichokerezwa kikapata mfereji unaolingana na ukingo wa bakuli, senta ya mkia ikasukuma kutoka nyuma, kinafanya kazi ileile na unabaki na kikonyo kidogo cha kukata kwa patasi ya mkono. Pampu ya kunyonya hewa, ile ya kushika bakuli kwa utupu, ni kitu cha mtu anayetoa mabakuli kwa wingi.

Vingine vingi wala usiagize. Egemeo la patasi la ziada, refu au lililopinda kufuata tumbo la bakuli, fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa nondo laini ya duara na bomba, mpelekee lako la zamani apime shina. Sahani ya chuma yenye uzi wa mashine yako, fundi wa kukereza vyuma pale Gerezani kwa wa Dar au Kamukunji kwa wa Nairobi anaikata akiwa na shafti au nati ya kupimia mkononi. Kipimo cha kina cha bakuli ni kijiti na msumari. Kalipa ya kupimia unene wa ukuta ndo nunua, yenye mikono iliyopinda, kwa sababu kwenye mbao mbichi utaihitaji kila mara: gogo la mwembe au mwarobaini lililokatwa jana unalikereza kwanza likiwa nene, unene wa ukuta kama asilimia 10 ya kipenyo, unapaka nta kwenye nyuzi za ncha, unalifukia kwenye maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, unaandika tarehe na uzito, halafu unaliacha mpaka uzito uache kushuka. Mizani ya jikoni inatosha, mwombe mama watoto kwanza.